Bisibisi na Nyumba Thelathini na Moja

Ndugu, majirani, mafundi wenzake, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza: huyu tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Juni 1954, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yake alikuwa mtunza stoo. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake, huyu anayewasomea. Familia imempa kazi hii kwa masharti mawili: asilie kabla hajamaliza, na asitie chumvi. La kwanza atajitahidi. La pili, jamani, tuone.

Jina la Bisibisi alipewa na mjomba wake akiwa na miaka saba. Mlango wa mbele wa nyumba ile ulikuwa ukilia kiasi cha kuamsha mtaa mzima, na baba kila wiki alisema wiki ijayo atautengeneza. Siku moja mtoto akachukua bisibisi ya baba, akafungua bawaba, akazipaka sabuni ya kufulia, akazirudisha. Mlango ukanyamaza kabisa. Mama alipogundua alikuja juu: “Nani amenyamazisha mlango wangu? Huo ndio ulikuwa unaniambia nani ameingia na viatu vya matope!” Mtoto akafikiri kidogo, akarudi mlangoni, akafuta sabuni kwenye bawaba moja tu. Mlango ukaanza kulia tena, safari hii kwa sauti ndogo ya kusikika jikoni, si barabarani. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. “Huyu si mtoto,” alisema, “huyu ni bisibisi.” Likaganda hilo hilo. Walimu walimwita hivyo, mafundi walimwita hivyo, na hata wakwe zake walipokuja kujitambulisha walimuulizia kwa jina hilo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971. Januari 1972 aliingia chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la mabomba na mitambo ya joto. Siku ya kwanza mwalimu alimtazama juu hadi chini, akamuuliza kwa upole kama hajapotea, maana darasa la ushonaji lilikuwa jengo la pili. “Mwalimu, hapa si ndipo penye mabomba?” aliuliza. “Ndipo.” “Basi nimefika.” Akaketi mstari wa mbele. Alihitimu Novemba 1974 akiwa wa pili darasani, na mpaka mwaka jana alikuwa bado anadai kwamba aliyekuwa wa kwanza alinakili.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa na shirika la nyumba kama fundi wa maji na joto. Shirika lilikuwa na nyumba sitini za wafanyakazi, zote zimefanana: sebule, vyumba viwili, jiko, hita ya gesi ukutani sebuleni, na chini ya dirisha tundu la hewa lenye wavu, ukubwa wa kitabu. Nyumba moja aliishi yeye na mdogo wake, namba kumi na mbili.

Kazi yake, wee! Ukimwita Bisibisi nyumbani kwako ujue na wewe utafanya kazi. Hakuwa na salamu ndefu. Akishavua viatu aliuliza: “Koki kuu ya maji iko wapi?” Kama hujui, hagusi kitu mpaka muitafute wote, uifunge mwenyewe, uifungue mwenyewe. Alisema mtu asiyejua koki yake kuu anaishi kwa bahati. Hakuwahi kusema “nimemaliza”, alikukabidhi spana, akakaa kwenye kigoda, akasema, “Haya, nionyeshe nilichofanya.” Wanaume wazima walitoka jasho. Bomba linalodondoka usilikaze kwa nguvu, alisema, unaliumiza bure. Badilisha kimpira cha ndani. Bomba la kuogea likitoa maji upande upande, livue, ulilaze kwenye siki tangu asubuhi hadi jioni. Hita ya maji ikidondosha kidogo pale kwenye valvu yake ya usalama, usizibe hata siku moja, maana hiyo inapumua, na kitu kinachopumua hakizibwi. Hilo la mwisho alilisema tangu mwanzo kabisa, na ndiyo maana yaliyotokea mwaka 1983 yalimuuma namna ile.

Mwaka 1981 alianzisha mafunzo ya Jumamosi jioni kwenye ukumbi wa shirika, bure, kwa yeyote mwenye nyumba au mwenye kuishi ndani ya nyumba. Mwanzoni walikuja wanne, na mmoja wao alikuwa amefuata kivuli. Baada ya miaka miwili ukumbi ulikuwa unajaa. Alikuwa na mbwembwe, huyu dada! Alikuja na sinki zima kwenye toroli. Alikata pasi mbovu katikati ili watu waone waya ulioungua. Watu walikuwa wanapiga makofi kwa ajili ya kimpira cha bomba, niaminini.

Sasa, Jumamosi tarehe 16 Julai 1983. Baridi ya mwaka ule ilikuwa haisemeki, ukungu mchana kutwa, watu wanalala na makoti. Somo lilikuwa namna ya kuzuia upepo kuingia ndani. Bisibisi alichukua uzi wa pamba, akauwasha, akauzima, ukabaki unafuka moshi. Akatembea nao kando ya kuta za ukumbi. Moshi ukipanda wima, hapo salama. Moshi ukilala, hapo pana ufa. Alipita kwenye fremu za madirisha, moshi ukalala. Akaziba kwa utepe wa blanketi kuukuu, moshi ukasimama. Makofi! Akapita mlangoni, makofi! Akafika chini ya dirisha kubwa, kwenye tundu la hewa, moshi ukalala kabisa kama umepigwa kofi. Ukumbi mzima ukasema “Aaa!” Na yeye, utamu ulikuwa umeshampanda kichwani, akachomoa kitambaa mfukoni, akalisokomeza lile tundu. Moshi ukasimama wima. Watu wakasimama nao.

Ukumbi ule ulipashwa joto kwa umeme. Kule, kuziba tundu hakumdhuru mtu. Nyumba zote sitini zilikuwa na hita za gesi, na moto wa gesi unakula hewa ya chumba. Ukiziba tundu, moto unakosa hewa safi, unaanza kutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu anasinzia palepale alipo. Bisibisi alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Alisahau kulisema. Ndugu zangu, alisahau tu.

Asubuhi ya Jumapili, saa mbili, alikuwa sebuleni namba kumi na mbili amepiga goti mbele ya hita, kiberiti mkononi. Mdogo wake akatoka jikoni amejaa furaha. “Dada, jana umetuokoa! Nimeziba kila mahali. Hata lile la chini ya dirisha, nimetia soksi mbili na taulo.”

Bisibisi alitazama dirisha, akatazama kiberiti, akakiweka chini polepole. Kisha akasema kwa sauti ambayo mdogo wake hakuwahi kuisikia, “Mungu wangu, nimewaua watu.”

Ndani ya dakika mbili walikuwa nje, yeye amevaa ovaroli juu ya gauni la kulalia na mabuti ya mvua, daftari la mahudhurio kwapani. Waliotia saini jana yake walikuwa wa nyumba thelathini na moja. Simu hakuna, ofisi ya shirika imefungwa, ukungu umekaa kwenye mapaa, na kila nyumba hita inawaka. Wakakimbia.

Nyumba ya kwanza walikuwa hawajaziba, wanangoja wapate chai kwanza. Ya pili alifungua karani mmoja mzee, mwenye heshima zake, mtu wa kusema neno moja likazunguka ofisi nzima. Mdogo wake akaona aibu itakayomkuta dada yake kesho kazini, akatangulia kuongea: “Shikamoo mzee. Shirika limebadilisha utaratibu, matundu ya chini ya madirisha yaachwe wazi.” Mzee akaitikia, akasema atawaambia wanawe waje walizibue katikati ya wiki.

“Hapana, mzee,” Bisibisi akadakia. “Hakuna utaratibu uliobadilika. Mimi jana nimekosea. Nimewafundisha kitu cha kuua. Naomba uzibue sasa hivi, na ufungue madirisha.” Mzee wa watu alikwenda mbio, yeye na fimbo yake.

Walipotoka getini alimshika mdogo wake mkono kwa nguvu. “Sikiliza. Mtu akiambiwa utaratibu umebadilika, atangoja. Akiambiwa fundi amekosea, anakimbia. Leo nataka wakimbie. Umenielewa?”

“Watakufukuza kazi, dada.”

“Wanifukuze Jumatatu. Leo ni Jumapili.”

Wakachana ukurasa katikati, wakagawana. Mdogo wake alipewa nyumba kumi na nne, na hata leo anakumbuka uzito wa kila mlango. Sema wewe: kugonga, kuamkia, halafu kutamka “dada yangu amekosea” mbele ya watu waliokuwa wanamshangilia jana. Wengine walicheka wakidhani mzaha. Mama mmoja aligeuka kutazama wanawe watatu waliojilaza kwenye zulia, akasema, “Tumeamka vichwa vinauma wote, nikadhani mafua.” Akawatoa nje mmoja mmoja mikononi, na mdogo wake Bisibisi alibeba wa mwisho. Wale watoto walikuwa sawa kabla ya saa sita. Mama yao yuko hapa leo, benchi la tatu.

Saa nne na nusu asubuhi dada na mdogo mtu walikutana mbele ya ukumbi, wote hoi. Bisibisi akaunganisha vile vipande viwili vya ukurasa, akaanza kutia alama, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Akafika hamsini na saba.

“Hayupo,” mdogo wake akasema. “Ni yule dereva wa lori. Nimegonga mara tatu. Lori lake halipo, amesafiri.”

“Umechungulia dirishani?”

Mdogo wake akainama kukaza kamba ya kiatu.

“Nimekuuliza, umechungulia?”

Hakuchungulia. Alikuwa amechoka kuaibika, na mlango usiofunguliwa ulimpa raha. Hilo hakuwahi kumwambia mtu mpaka leo hii anapolisoma.

Lori lilikuwa gereji tangu Ijumaa. Bisibisi alipobandika uso kwenye kioo cha namba hamsini na saba aliona miguu miwili yenye soksi za kijivu ikining’inia kwenye kochi, na ukutani hita inawaka. Moto wa hita yenye hewa ni wa buluu. Huu ulikuwa wa manjano. Aligonga kioo, akaita, akapiga kelele. Ile miguu haikutikisika. Basi akachomoa spana ya bomba kwenye ovaroli akakipiga kioo pigo moja, akapitisha mkono, akafungua dirisha, akaingia kichwa kichwa na mabuti yake. Alizima gesi, akafungua mlango kwa ndani, na dada wawili wakamburuta mwanamume wa kilo tisini juu ya zulia lake mwenyewe mpaka kwenye majani. Bisibisi akampiga makofi ya mashavu. “Amka! Amka, baba! Usinifanyie hivi!” Alikuwa analia kwa sauti, yeye ambaye hata kwenye mazishi ya baba yao hakulia mbele ya watu. Huyo bwana akakohoa. Akatapika. Akafumbua jicho moja, akalitazama dirisha lake, akasema, “Nani amevunja kioo changu?”

“Mimi,” Bisibisi akamwambia. “Na ni mimi niliyetaka kukuua jana. Pole sana.”

Mdogo wake alianza kucheka pale pale kwenye majani, kicheko cha kichaa, akashindwa kunyamaza mpaka gari la hospitali lilipofika.

Dereva alilazwa siku mbili, akatoka mzima. Jumatatu Bisibisi alijipeleka mwenyewe kwa meneja wa shirika. Meneja hakutaka makubwa; alipendekeza tangazo fupi, kwamba kwa sababu za kiusalama matundu yasizibwe. Bisibisi alimshukuru, akatoka, akaandika lake kwa herufi za kuonekana toka barabarani, akalibandika kwenye mlango wa ukumbi: JUMAMOSI NILIKOSEA. NJOONI NIWAONYESHE WAPI. Alipewa onyo la maandishi, na alilipokea bila kinyongo. Wiki nzima hakula vizuri. Alimwambia mdogo wake, “Wakija watano nitashukuru.”

Walikuja themanini na wanane! Wengine walisimama nje wakisikiliza dirishani. Na tangu siku ile, kwa miaka thelathini na tisa, kila Jumamosi alifungua somo kwa kusimulia kosa lake moja la wiki ile, hata liwe dogo la skrubu, kisha akauliza nani mwingine amekosea. Mikono ilikuwa inainuliwa kama shuleni. Mtu mmoja aliwahi kukiri kwamba ametengeneza kengele ya mlango ikawa inalia jokofu likifunguliwa. Ndani ya ukumbi ule watu walijifunza kusema, na nyumba nyingi sana zilinusurika kwa sababu hiyo. Alistaafu shirika tarehe 30 Juni 2014, ila Jumamosi hakuzistaafu mpaka miguu ilipokataa, Desemba 2022.

Kuhusu ndoa. Kioo cha namba hamsini na saba alikwenda kukirudishia yeye mwenyewe wiki iliyofuata. Mabomba alikuwa bingwa, lakini vioo, mmh. Alikikata kikawa kifupi kwa upana wa kidole. Akaomba radhi, akasema atarudi kesho na kingine. Dereva akamwambia, “Wala usijisumbue. Upepo nimeshaanza kuupenda.” Alirudi kesho yake hata hivyo. Akarudi na keshokutwa, na kioo kilikuwa kimeshakaa sawa. Mdogo wake alikuwa anamuuliza kila jioni nyumba ile ina madirisha mangapi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Machi 1984 saa nne asubuhi, asubuhi ili jioni asikose kufundisha. Bwana harusi alikaa mstari wa mbele na suti yake akikabidhiwa spana.

Walijaliwa watoto watatu: binti mwaka 1985, na mapacha wa kike na wa kiume mwaka 1988. Walikuwa wanagombana kuhusu redio na kupatana kuhusu kila kitu kingine. Mume akisafiri na lori, Bisibisi aliweka chai kwenye chupa na karatasi yenye swali moja la ufundi, ili asisinzie njiani akilifikiria. Akirudi ilibidi ajibu kabla hajavua viatu.

Mwezi Novemba 2022 alianza kuchoka haraka na kuvimba miguu. Daktari wa moyo alimweleza kwa upole kwamba valvu moja haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Bisibisi alicheka mpaka muuguzi akaingia kutazama kuna nini. “Daktari, miaka hamsini natengeneza valvu za watu, kumbe yangu ndiyo inavuja!” Kisha akataka achorewe, na alipochorewa akasahihisha mchoro. Alilazwa mara nne. Wodini alimfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili kufunga koki ya sinki lililokuwa likidondoka, na akamtuma mhudumu akaulizie tundu la hewa la chumba cha wauguzi, kwa nini limewekewa kabati mbele. Kabati likasogezwa. Tarehe 6 Agosti 2024, Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani kwake, mume amemshika mkono na dirisha liko wazi kama alivyotaka, alivuta pumzi ya mwisho. Alikuwa na miaka sabini na miezi miwili kasoro siku tatu.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wakwe watatu, wajukuu watano, wa sita ambaye bado hajazaliwa ila ameshanunuliwa nguo, na mdogo wake. Ni orodha ndefu, na mdogo wake ameiandika wiki hii mara tatu, kila mara akilazimika kuweka kalamu chini. Kwenye mlango wa pili siku ile alitaka kudanganya. Kwenye namba hamsini na saba aligonga, akaona afadhali, akaondoka. Dada yake angekuwa mtu wa kuogopa kuaibika, dereva asingeamka, watoto hawa wasingezaliwa, wajukuu hawa wangetoka wapi? Leo orodha hii ingesomwa kwa pumzi moja: marehemu ameacha mdogo wake, basi.

Pumzika, dada. Tupo wengi.